Camino de Santiago Majira ya Joto: Saa, Maji na Miguu

Njia ya Kifaransa, Camino Francés, mojawapo ya njia za hija ziitwazo Camino de Santiago, ina urefu wa kilomita 780 hivi, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port upande wa Ufaransa hadi kanisa kuu la Santiago de Compostela, ambako kwa mapokeo ya Kanisa ndiko alikozikwa Mtume Yakobo. Haihitaji ujuzi wa kupanda milima. Mishale ya njano inakuongoza tangu mwanzo hadi mwisho, kazi iliyoanzishwa miaka ya 1980 na padri Elías Valiña, paroko wa O Cebreiro, na sehemu nyingi huwezi kutembea saa tatu bila kukuta kijiji. Hata hivyo kila Julai na Agosti wapo mahujaji wanaopanda basi kurudi makwao kabla ya kuona nusu ya njia. Sababu ni zilezile: wametembea mchana badala ya alfajiri, wamebeba mzigo mzito, na wameipuuza miguu mpaka ikachubuka yote.

Saa zote katika mwongozo huu tumeziandika kwa hesabu ya Kiswahili. Kwenye vibao vya huko saa 7 mchana imeandikwa 13:00, na saa 4 usiku ni 22:00.

Tarehe kwanza

Kama una uhuru wa kuchagua, usianze Julai. Anza karibu na tarehe 20 Agosti. Kutoka Saint-Jean hadi Burgos ni kilomita 285 hivi, siku 13 kwa mwendo wa busara, kwa hiyo utaingia kwenye Meseta, ile nyanda ya ngano isiyo na kivuli, mwanzoni mwa Septemba jua linapoanza kulegea. Kilomita 100 za mwisho utazikuta likizo za Wahispania zimekwisha. Anayeanza mapema Juni naye yuko salama kiasi, ingawa Galicia, jimbo la mwisho la njia, itamkuta na watu wengi.

Ukibanwa na likizo na huna mwezi mwingine ila Julai, zingatia njia nyingine badala ya kung'ang'ania hii. Camino del Norte inafuata pwani ya kaskazini kuanzia Irún na ina upepo wa bahari, ingawa mabonde na vilima vyake havina mwisho. Camino Primitivo inaanzia Oviedo, kilomita 320 hivi za milima yenye miti. Camino Inglés kutoka Ferrol ni kama kilomita 120 tu na inatosha wiki moja. Njia ya kuiacha kabisa Julai na Agosti ni Vía de la Plata inayotoka Sevilla: kusini mwa Uhispania joto hupita nyuzi 40 na vijiji viko mbali mno.

Angalia pia kalenda ya sikukuu. Pamplona huadhimisha San Fermín tarehe 6 hadi 14 Julai, na siku hizo vitanda vinapotea na bei inapanda sana, basi pita mji bila kulala. Tarehe 25 Julai ni sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, na Santiago hufurika. Mwaka ambao tarehe hiyo inaangukia Jumapili huwa Mwaka Mtakatifu, na unaofuata ni 2027. Ukikusudia kwenda mwaka huo, weka nafasi ya vitanda vya wiki ya mwisho miezi kadhaa mapema.

Mwenye pasipoti inayohitaji viza aombe ya Schengen kupitia Uhispania, kwa kuwa huko ndiko atakakokaa siku nyingi zaidi hata kama anaanzia Ufaransa. Bima ya safari iwe na kinga ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Katika ombi onyesha mpango wa vituo siku kwa siku, na acha siku tatu au nne za ziada. Wengi huomba siku 32 kamili, kisha kifundo cha mguu kikivimba hawana pa kupumulia.

Saa ya ukutani na saa ya jua

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, na wageni wengi hawalijui. Uhispania iko kwenye mstari mmoja na London lakini inatumia saa ya Ulaya ya kati, na majira ya joto saa inasogezwa mbele tena. Matokeo yake, katikati ya Julai mjini Burgos jua huchomoza karibu saa 1 asubuhi, hufika kilele karibu saa 8 na dakika 20 mchana, na huzama karibu saa 4 usiku. Joto kali kabisa haliji saa 6 wala saa 7 mchana. Huja karibu saa 11 jioni. Anayejipumzisha kijijini saa 6 hadi saa 9 kisha akaendelea "jua likishapoa" anajitumbukiza kwenye saa mbaya kuliko zote.

Basi ratiba ya majira ya joto ni hii: amka saa 11 alfajiri, toka kabla ya saa 12, na uwe umevua viatu kabla ya saa 7 mchana. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa pamoja na mapumziko mawili, kilomita 22 zinachukua saa sita na nusu. Hicho ndicho kipimo cha siku. Wenye miguu mizuri wanafika kilomita 25. Vitabu vingi vya njia vinagawanya safari katika siku 31 hadi 33. Kwa Julai na Agosti gawanya kwa 36, halafu ongeza siku mbili za kupumzika, moja Burgos na moja León.

Kutoka gizani kuna hasara yake: mishale haionekani, hasa kwenye njia za kutokea mijini. Dawa ni rahisi. Jioni, baada ya kuoga, tembea nusu kilomita ya mwanzo ya kesho hadi uone mishale miwili mitatu, kisha rudi. Funga begi usiku uleule, ulibebe hadi ukumbini au jikoni asubuhi ndipo umalizie hapo, maana chumba kina watu 20 wanaolala na sauti ya mifuko ya nailoni huwaamsha wote. Taa ya kichwani iwe na mwanga mwekundu. Usiiwashe nyeupe chumbani.

Mahali ambapo maji huisha

Sehemu kubwa ya njia ina bomba au chemchemi kijijini. Maandishi *agua potable* maana yake yanafaa kunywa. *No potable* hayafai. *No tratada* hayajatiwa dawa, na kwa mtu mwenye tumbo jepesi ni bora ayaache. Kwa kawaida lita moja na nusu begani inatosha. Lakini kuna vipande ambavyo lita moja na nusu haitoshi, na vinajulikana.

Siku ya kwanza, Saint-Jean hadi Roncesvalles, ni kilomita 25 zenye mpando wa zaidi ya mita 1,200. Orisson, kituo cha malazi mlimani, iko kilomita 8 kutoka mwanzo, na baada yake hakuna kijiji tena mpaka Roncesvalles. Jaza chupa zote Orisson. Kama unaweza kupata kitanda hapo, kilipie mapema na uivunje siku hiyo mara mbili: mguu unaopanda mita 1,200 siku ya kwanza, juu ya lami, kwenye jua, huanza kudai deni lake siku ya nne. Mteremko wa mwisho kupita msituni ni mkali mno. Tumia barabara ya upande wa kulia baada ya kilele, ni ndefu kidogo ila inaokoa magoti.

Villamayor de Monjardín hadi Los Arcos ni kilomita 12 za mashamba bila kivuli. Villafranca Montes de Oca hadi San Juan de Ortega ni kilomita 12 nyingine, hizi angalau zina misonobari. Kisha kuna kipande kinachoogopwa kuliko vyote, Carrión de los Condes hadi Calzadilla de la Cueza: kilomita 17 za njia iliyonyooka juu ya barabara ya kale ya Warumi, bila kijiji. Hapa beba lita 2 na utoke Carrión saa 11 na nusu alfajiri. Saa 4 asubuhi utakuwa umefika. Ukichelewa kuamka hadi jua limepanda, lala Carrión siku ya pili. Usijaribu kufidia kwa kubeba lita 4, kwa sababu kilo mbili za ziada zinakuongezea jasho lilelile unalotaka kulirudisha. Karibu na Calzada del Coto njia inagawanyika: ya kulia, inayopitia Calzadilla de los Hermanillos, ni nzuri na kimya, lakini baada ya kijiji hicho kuna takribani kilomita 18 kavu hadi Reliegos. Majira ya joto chukua ya kushoto, ya Bercianos na El Burgo Ranero. Inaenda sambamba na barabara, ina miti iliyopandwa kandokando, na ina maji.

Kunywa nusu lita kabla ya kuondoka. Njiani kunywa kidogo kidogo, nusu lita kwa saa, na robo tatu ya lita joto likizidi nyuzi 30. Maji peke yake hayatoshi kwa mtu anayetoka jasho saa sita. Kula chumvi: zeituni, chipsi, kipande cha *tortilla de patatas* (kimanda cha viazi), au pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini ambayo duka lolote la dawa linauza. Anayejaza lita 6 za maji matupu bila chakula anapunguza chumvi ya damu, na dalili zake, kichefuchefu na kuumwa kichwa, zinafanana na za mwenye kiu. Akidhani ni kiu anaongeza maji na kuzidi kuharibu. Tazama mkojo. Wa njano iliyokolea unataka maji. Mweupe kabisa huku kichwa kinauma unataka chumvi na kivuli.

Jua liko kushoto

Unaelekea magharibi mwezi mzima. Jua la asubuhi linakupiga mgongoni, kisha linahamia kushoto kwako, upande wa kusini. Kisogo, nyuma ya magoti, shavu na sikio la kushoto ndivyo vinavyoungua. Kofia iwe na ukingo mpana kuzunguka pande zote, maana kapelo inaacha masikio na kisogo wazi. Shati la mikono mirefu lililo pana na jepesi linashinda krimu, kwa sababu krimu inaondoka na jasho baada ya saa mbili. Ngozi nyeusi huchelewa kuungua lakini huungua, na joto lenyewe halichagui rangi.

Ufuatilie utabiri wa AEMET, idara ya hali ya hewa ya Uhispania. Hutoa tahadhari kwa rangi: njano, chungwa, nyekundu. Siku ya njano fupisha safari. Siku ya chungwa uwe umefika saa 5 asubuhi. Siku ya nyekundu usitembee. Meseta ina mabasi na treni, na hakuna kanuni yoyote ya hija inayokukataza kupanda kabla ya kilomita 100 za mwisho.

Kuchoka kwa joto kunaanza na jasho jingi, miguu kulegea, kizunguzungu na hamu ya chakula kupotea. Mtu huyo mlaze kivulini, miguu juu, mvue viatu, lowesha shingo, makwapa na kinena, mpe maji yenye chumvi kwa funda ndogo. Akipata nafuu, siku yake ya kutembea imekwisha. Kiharusi cha joto ni kingine kabisa: mtu anachanganyikiwa, anaongea ovyo au anayumba, na mwili unawaka. Piga simu 112 papo hapo, mmwagie maji mwili mzima na kumpepea bila kuacha mpaka msaada ufike, na usimnyweshe kitu kama hana fahamu kamili. Mara nyingi mgonjwa mwenyewe atasisitiza kuwa yuko sawa. Usimsikilize.

Moto wa misitu nao ni sehemu ya majira haya. Agosti 2025 kipande cha njia kati ya Astorga na Ponferrada kilifungwa kwa sababu hiyo. Polisi wa Guardia Civil wakikwambia geuka, geuka, hata kama moshi unaonekana mbali. Upepo wa alasiri huusogeza moto kuliko mtu mwenye begi anavyoweza kukimbia.

Begi

Uzito wote bila maji usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wako. Mwenye kilo 70 ana kilo 7, na begi lenyewe la lita 32 hadi 36 tayari lina kilo moja. Ndani yake:

- mashati mawili, suruali ndefu nyepesi moja, kaptula moja, chupi tatu, soksi jozi tatu
- shuka jembamba lililoshonwa kama mfuko, pamoja na blanketi dogo jepesi
- jaketi jembamba na poncho ya mvua
- sandali au ndala zinazoweza kutembea kilomita moja mjini
- taulo jembamba, kipande cha sabuni, pini kubwa sita za kuanikia soksi nyuma ya begi
- sindano, plasta ya kitambaa, shashi, dawa ya kuua vijidudu, vaselini, vizibo vya masikio

Jaketi si mzaha: alfajiri ya Foncebadón, karibu mita 1,400 juu, inaweza kuwa na nyuzi 8 hata Julai. Poncho usiitupe Meseta ukadhani mvua imekwisha, kwa sababu Galicia hunyesha mwezi wowote. Unachoweza kukiacha ni jeans, vitabu, dawa za miezi miwili, na kila kitu ulichokiweka kwa kufikiri "huenda". Duka la dawa lenye msalaba wa kijani lipo kila baada ya siku moja au mbili.

Anayezidiwa anaweza kutuma begi mbele hadi kituo kinachofuata kwa posta ya Uhispania, Correos, au kampuni binafsi, kwa euro chache kila hatua. Hosteli nyingi za serikali hazipokei mabegi yaliyotumwa, basi elekeza kwenye ya binafsi. Hata ukituma, baki na mfuko mdogo wenye maji, kofia, pasipoti na hati ya hujaji.

Miguu

Lengelenge hutokana na vitu vitatu vikikutana: joto, unyevu na msuguano. Ondoa kimoja na halitokei. Ndiyo maana majira ya joto hatupendekezi buti za ngozi wala viatu vyenye utando wa kuzuia maji. Vinazuia mvua ya siku tatu na kufuga jasho la siku 33. Chukua raba za njia za milimani, zinazopitisha hewa, zenye soli nene. Zinunue jioni, mguu ukiwa umevimba, ukiwa umevaa soksi utakazotembelea, na kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu pabaki upana wa kidole gumba. Kwa watu wengi hiyo ni namba moja zaidi ya kawaida. Vizoeshe kwa kilomita 80 hadi 100 kabla ya safari, nusu yake ukiwa na begi lililojaa.

Kila asubuhi paka vaselini kidogo katikati ya vidole, kisiginoni na chini ya unyayo mbele, kisha vaa soksi za sufu nyembamba. Pamba hubaki imelowa na kukunjika. Kila baada ya saa mbili vua viatu na soksi dakika kumi, na ubadilishe soksi. Zile zenye unyevu zikauke mgongoni. Vaselini hiyohiyo pakaa mapajani, ambako michubuko ya jasho huwazuia watu kutembea sawa na lengelenge lolote. Chemchemi na mito hushawishi sana. Ukichovya miguu katikati ya safari, ngozi inalainika na kilomita tano zinazofuata zinaichubua, kwa hiyo iache ikauke dakika 20 kabla ya kuvaa soksi, au subiri mpaka ufike.

Ukihisi mahali panawaka, simama hapohapo. Si kwenye baa ijayo. Dakika tano za kukausha na kubandika plasta ya kitambaa, bila mkunjo, zinaokoa siku tano. Lengelenge dogo lisilouma liache. Kubwa lililo mahali pa kukanyagia litoboe jioni baada ya kuoga: nawa mikono, safisha ngozi kwa dawa, choma sindano kwa moto au ifute kwa spiriti, toboa pembeni upande wa chini matundu mawili, kamua taratibu kwa shashi, na ngozi ya juu usiitoe kamwe kwa kuwa ndiyo bandeji bora uliyo nayo. Paka dawa, usiku liache wazi likauke, na asubuhi lifunike kwa shashi. Wapo mahujaji watakaokushauri kupitisha uzi na kuuacha ndani. Kataa, uzi ni mlango wa vijidudu kwenye mguu utakaokanyaga vumbi la mbolea kesho yake.

Zile plasta za jeli zinazouzwa kila duka la dawa zinafaa kwa jeraha safi ambalo ngozi yake imeshatoka. Ukizibandika juu ya lengelenge lililojaa, joto huyeyusha kingo, inanata kwenye soksi, na ukiivuta inaondoka na ngozi. Ikishabandikwa ngoja ijitoe yenyewe baada ya siku mbili tatu. Wekundu unaosambaa, usaha, au homa ni safari ya *centro de salud*, kituo cha afya, siku hiyohiyo.

Maumivu ya mfupa wa mbele wa mguu, yale yanayoanza wiki ya pili, yanatokana na hatua ndefu kwenye lami, kamba za kiatu zilizokazwa juu, na kutokunywa. Legeza kamba, pumzika siku mbili kamili. Siku moja haitoshi. Kwenye miteremko fanya kinyume: kaza kamba kwenye kifundo ili vidole visigonge mbele, la sivyo kucha zitakuwa nyeusi. Mteremko unaovunja watu zaidi ni kutoka Cruz de Ferro hadi Molinaseca, karibu mita 900 kwenda chini juu ya mawe yaliyolegea. Tumia fimbo mbili, au lala El Acebo katikati.

Kitanda

Hosteli ya mahujaji huitwa *albergue*. Za serikali na za parokia hazishiki nafasi kwa simu: anayewahi ndiye anayelala. Nyingi hufunguliwa saa 7 mchana, huzima taa saa 4 usiku, na lazima uwe umetoka saa 2 asubuhi. Usiku mmoja tu, isipokuwa mgonjwa. Utaulizwa pasipoti na *credencial*, hati ya hujaji inayogongwa mihuri, ambayo unaipata kwenye ofisi ya mahujaji ya Saint-Jean kwa euro chache. Hosteli za serikali za Galicia ni euro 10. Za binafsi ni euro 12 hadi 20. Zile zilizoandikwa *donativo*, yaani sadaka, si za bure. Weka sandukuni angalau kile ambacho ungelipa hosteli ya jirani, kwa kuwa sahani ya wa kesho hununuliwa na sadaka ya leo.

Vitabu vya njia vinaishia kwenye miji ileile, hivyo watu wote wanafika mji mmoja kwa wakati mmoja. Epuka msongamano kwa kulala kati ya vituo: pita Pamplona ulale Cizur Menor, pita Sarria ulale Barbadelo. Baada ya Sarria, ambako huanzia wanaotaka kilomita 100 tu, piga simu siku mbili kabla. Mwaka 2023 ofisi ya Santiago ilitoa vyeti zaidi ya 440,000, na karibu nusu ya wenye vyeti hivyo hupita hapa.

Kabla ya kutandika kagua kunguni: inua kona za godoro, angalia mishono na mbao kwa vitone vyeusi. Begi lisikae kitandani. Ukiamka na alama zilizopangana mstari, nguo zote ziingie kwenye mashine ya kukaushia kwa moto mkali nusu saa. Kufua kwa maji baridi hakuwaui kunguni.

Chakula kinataka mpango. Maduka ya vijijini hufungwa saa 8 mchana hadi saa 11 jioni, na Jumapili mengi hayafunguliwi. Nunua chakula cha kesho leo. Beba euro 100 hivi taslimu, kwa sababu vijiji vingi havina mashine ya kutolea pesa.

Santiago

Kwa cheti kiitwacho *Compostela* unatakiwa uwe umetembea angalau kilomita 100 za mwisho kwa miguu, na hati yako iwe na mihuri miwili kila siku katika kipande hicho. Mmoja wa hosteli na mmoja wa kanisa au baa unatosha. Jisajili mtandaoni kwa simu yako kabla ya kufika ofisi ya Rúa das Carretas, chukua namba, kisha nenda kaoge. Foleni ya Agosti huchukua saa kadhaa. Cheti ni bure, cha kuonyesha umbali hulipiwa.

Begi haliruhusiwi ndani ya kanisa kuu, liache hosteli au kwenye stoo za mjini. Misa ya mahujaji ni saa 6 mchana, na mwenye kutaka kuketi awe ndani saa 5. Chetezo kikubwa, *botafumeiro*, hakirushwi kila siku. Ni kwa sikukuu maalumu na kwa maombi ya pekee.

Ukiwa na siku nne zimebaki, Finisterre iko kilomita 90 hivi mbele, na upepo wa Atlantiki hupunguza joto sana. Kabla ya kuondoka bonyeza soli za raba zako kwa kidole gumba. Kama hazirudi, usinunue viatu vipya. Weka tu soli mpya za ndani, kwani kiatu kigeni kwenye mguu uliokwisha tembea kilomita 780 kitakuletea malengelenge kabla ya Negreira.